Siku Tuliyomwomba Baba Asije Uwanjani

Kutoka mstari wa kati hadi alama ya penalti si mbali, lakini siku ile niliitembea njia ile kama mtu anayepelekwa mahakamani. Nyuma yangu wenzangu walikuwa wameshikana mabega. Mbele yangu golikipa wa wageni alikuwa akirukaruka kwenye mstari, akimtukana dada yangu, na mimi dada sina. Jukwaa zima la Sportivo Almada lilikuwa limesimama. Nikifunga, tunapanda ligi kuu kwa mara ya kwanza tangu klabu yetu izaliwe. Na nikifunga, baba yangu anabaki kuwa mkosi mpaka anaingia kaburini.

Niliuweka mpira chini nikiwa na mawazo hayo mawili kichwani, na mpaka leo sijui ni lipi lililokuwa zito zaidi.

Baba yangu, Evaristo Maidana, alikuwa amestaafu kazi ya kuendesha kreni katika bandari ya Almada. Alikuwa mshabiki wa Sportivo tangu akiwa tumboni, kama alivyopenda kusema, na maisha yake yote alikaa jukwaa lilelile la mbao linalotazama Mto Paraná. Tulishinda akiwepo, tulifungwa akiwepo, na hakuna aliyehesabu. Watu walianza kuhesabu niliporudi mimi.

Nilikuwa nimezunguka bara zima nikitafuta riziki kwa mguu wa kushoto, ndiyo maana wakaniita Mashoto: Asunción, Guayaquil, Antofagasta, na vilabu vingine ambavyo vilinilipa kwa ahadi. Miaka yote hiyo baba hakuniona nikicheza. Nilimpigia simu baada ya kila mechi, naye aliniuliza maswali kama polisi: pasi ile ulimpa nani, beki wao alikuwa na mwili gani, nyasi zilikuwa ndefu? Alikuwa akiijenga mechi yangu kichwani, kipande kwa kipande. Kwa hiyo nilipoamua kurudi nyumbani kumalizia mpira wangu, sikurudi kwa ajili ya klabu, ingawa magazeti yaliandika hivyo. Nilirudi ili mzee anione.

Mechi ya kwanza aliyokuja, golikipa wetu alivunjika mkono. Mechi ya pili alikuja na mwavuli mweusi wa kujikinga na jua. Tulikuwa tunaongoza. Akaufungua mwavuli, na kabla ya mapumziko ikapiga dhoruba iliyong'oa mabati ya jukwaa. Mechi ikarudiwa katikati ya wiki, tukafungwa. Mechi ya tatu, Rulo Bertolotti, nahodha wetu, beki ambaye hakuwa amewahi kukosea hata kwenye mazoezi, alijifunga dakika ya mwisho kwa kichwa kizuri ambacho mshambuliaji yeyote angekionea wivu.

Basi. Wakaanza kumwita Mwavuli. Jina lake halisi likawa halitamkwi, maana kwetu mtu mwenye gundu hatajwi jina, na akipita, wanaume wote hujishika pale pasipotajwa ili kujikinga. Mwanzoni ulikuwa utani, na baba mwenyewe aliucheka. Alikuwa akipita mbele ya kinyozi makusudi, anawasalimu vijana mmoja mmoja, awaone wanavyopeleka mikono surualini kwa zamu. Lakini mzaha mzaha hutumbuka usaha. Baada ya muda, pale jukwaani nafasi za kulia na kushoto kwake zikawa hazikaliwi. Akawa anakaa katikati ya ubao mrefu, peke yake, na yerba yake, ile chai chungu ya majani tunayopokezana kwa kibuyu kimoja, na hakuna tena aliyepokea kibuyu kutoka mkononi mwake. Mtu wa kwetu akinyimwa mwenzi wa kunywa naye yerba, heri angepigwa.

Niliyaona hayo nikiwa uwanjani, nikajifanya nafunga kamba za njumu. Siku moja baba akaacha kuja, bila kusema neno. Na sisi tukaanza kushinda. Tulishinda mpaka tukafika fainali ya kupanda daraja, nyumbani kwetu, Jumapili ya Desemba, joto la kuyeyusha lami.

Ijumaa ile daktari alikuwa ameniambia kwamba goti langu lina mechi moja tu ndani yake. Baada ya hapo, alisema, nitafute kazi ya kukaa. Nilitoka kwake nikijua Jumapili ndiyo ya mwisho, na kitu cha kwanza nilichowaza ni kwamba mzee lazima awepo. Nilikuwa sijavua hata viatu chumba cha kubadilishia nguo, Rulo akaja akakaa pembeni yangu.

"Mashoto, usikasirike."

"Nimeshakasirika. Sema."

"Mzee wako tunampenda. Wewe unajua. Lakini nimesikia Jumapili anataka kuja, ameshapiga na shati pasi." Mkono wake ulikuwa umeshashuka kujishika, hata hakujua. "Jamani, Jumapili hii tu. Asije."

"Mwambieni wenyewe."

"Akiambiwa na mtu mwingine itakuwa tusi. Wewe mwanawe."

Chumba kizima kilikuwa kikinisikiliza. Ningeweza kusema kwamba bila baba yangu pale jukwaani na mimi sichezi, watafute mashoto mwingine. Mtu mzima angesema hivyo. Lakini mimi ndiye niliyevaa soksi zilezile msimu mzima kule Guayaquil bila kuzifua, na kule Asunción sikupanda basi mpaka kocha msaidizi atangulize mguu wa kulia. Wasiotujua wanadhani tunafanya mchezo. Hapana, tunaamini. Nikamwambia Rulo nitaongea naye.

Jumamosi mchana nilimkuta uani, mbele ya makaa, anageuza nyama. Shati lake jeupe lilikuwa limetundikwa mlangoni. Nilimzungukia kwa habari za hali ya hewa, bei ya kuni, mbwa wa jirani.

"Wewe," akasema, "unazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Taga."

"Mzee, kesho..."

"Kesho nisije."

"Nani kakwambia?"

"Muuza nyama. Kanipa mbavu hizi bure. Yule bahili tangu lini anagawa mbavu? Nikajua hapa naagwa." Akacheka, kisha akageuza nyama ambayo ilikuwa imegeuzwa sasa hivi. "Mama yako angekuwepo angemrushia hizo mbavu usoni. Mimi nimezichukua. Kwa hiyo niende umbali gani?"

"Si lazima uende popote, Mzee. Kaa tu nyumbani."

"Hapana, kazi ifanywe vizuri. Hapa nyumbani nasikia kelele za uwanja, na nikisikia si ni kama nipo? Shangazi yako Herminia yuko ng'ambo ya mto. Ng'ambo panatosha?"

Nimeirudia dakika ile mara nyingi sana. Mtu aliyenisubiri miaka yote ile alikuwa ananiuliza, kwa upole, akae mbali nami kiasi gani ili asinidhuru. Nilipaswa kumkumbatia. Badala yake niliupima mto kichwani. Wallahi niliupima: upana wake, upepo wake, visiwa vilivyo katikati.

"Panatosha," nikasema. "Ila usiwashe redio."

Akaitikia kwa kichwa, kama mchezaji anayepokea maelekezo kando ya uwanja. "Sawa, kocha." Halafu akanikatia ubavu uliokuwa na mafuta mazuri zaidi. Kuhusu goti langu sikumwambia. Nilijua akijua ni mechi ya mwisho ataomba aje, na akiomba sitaweza kumkatalia.

Kwa hiyo nilikuwa hapo, Jumapili, mechi imekwisha kwa sare ya bao moja kwa moja na tumeingia kwenye matuta, penalti ya mwisho ni yangu. Na wakati narudi nyuma kuchukua nafasi ya kuukimbilia mpira, wazo likaja waziwazi: ikose. Ukikosa, wageni wanarudi mchezoni, na tukifungwa, tumefungwa Mwavuli hayupo. Kesho atarudi kuwa Evaristo, watakaa kulia na kushoto kwake na watapokea kibuyu. Mtu mmoja tu duniani alikuwa na uwezo wa kumfutia kesi yule mzee, naye ni mimi, kwa kupaisha mpira mmoja.

Nilipiga kama nilivyojifunza kupiga, chini, pembeni, na golikipa akaruka upande mwingine. Siwezi kusema nilichagua. Mguu wangu wa kushoto haukuwahi kujua baba wala mama.

Kilichofuata mnakijua, hata kama hamkuwepo. Watu waliingia uwanjani, wakang'oa nyasi wakazila. Nikabebwa mabegani. Na pale juu nikasikia wimbo ukianza upande wa bandari na kuenea jukwaa zima, wimbo wa kumshukuru Mwavuli kwa kubaki ng'ambo, maana mji ulishamwona akipanda boti. Haukuwa wa chuki. Walikuwa wanalia kwa furaha, wanamshukuru kwa moyo wao wote kwa kutokuwepo. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga, lakini siku ile baba alipewa lake, tena kwa sauti ya mji mzima. Na mimi niliimba. Nilikuwa juu ya mabega ya watu, natokwa machozi, naimba.

Jumatatu tulikwenda gatini kumpokea. Boti ilipokaribia watu wakaanza kupiga makofi. Baba alishuka na mfuko wa machungwa ya Herminia, akatazama nyuma yake aone anayepigiwa makofi ni nani. Alipoelewa, alinyanyua mkono juu, akatabasamu kama mtu aliyefunga goli.

"Umeona?" akaniambia sikioni. "Tumeshinda."

"Tumeshinda, Mzee."

"Nilikaa kwenye banda la kuku, mwanangu. Herminia aliwasha redio jikoni, nikatoka mbio. Hata kuwaza sikuwaza. Nilihesabu mayai tu." Alikuwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi ngumu ikatokea vizuri. "Mwaka ujao, wa ligi kuu, nitatafuta mahali mbali zaidi. Huko timu ni kali."

Hapo ndipo nilipomwambia kwamba kwangu mwaka huo haupo. Goti limekwisha.

Akauhamisha mfuko wa machungwa kutoka mkono huu kwenda mwingine.

"Ulijua lini?"

"Ijumaa."

Nilisubiri anitukane, nilitamani anitukane, maana yule mzee alikuwa na matusi ya bandarini ambayo yangenisafisha. Lakini alinishika bega tu.

"Basi ilikuwa vizuri nisije," akasema. "Ya mwisho haifai kufungwa."

Msimu uliofuata Sportivo ilifungwa karibu kila Jumapili, na baba hakukanyaga uwanjani hata mara moja. Tulishuka daraja kabla ya majira ya baridi kwisha. Nilienda kwa Rulo nikamwambia: haya sasa, nani ametufungisha? Rulo alikuna kidevu akaniambia kwamba huenda mzee alikuwa akisikiliza redio. Mkosi hauna mahakama ya rufaa. Ukihukumiwa umehukumiwa, na shahidi mkuu wa mashtaka nilikuwa mimi na penalti yangu.

Lakini la watu ningelimeza. Lililonishinda ni kwamba yeye mwenyewe aliamini. Kabla ya siku ile alikuwa mzee anayetaniwa. Baada yake akawa mtu mwenye wadhifa. Alijihadhari na timu yetu kama anayebeba moto karibu na nyasi kavu: mtoto wa jirani akicheza mpira barabarani, baba alihamisha kiti chake akaingia ndani.

Mwaka jana goti lilipata nafuu kidogo nikaanza kucheza na maveterani, Jumamosi asubuhi, katika uwanja wa vumbi nyuma ya maghala ya nafaka. Nilimbembeleza. Nilimwambia: Mzee, hakuna kombe, hakuna daraja, ni wazee wenye vitambi wanaotafuta kisingizio cha kuchoma nyama. Njoo unione. Kila wiki alisema ataangalia. Kila wiki hakuja.

Halafu Jumamosi moja, kipindi cha pili, nilimwona nje ya uzio. Alikuwa amevaa shati jeupe. Alikuwa amesimama wima, ameegemeza mgongo wake kwenye waya, uso ameuelekeza barabarani, kwenye malori. Pembeni yake kulikuwa na muuza maandazi, na kila mpira ulipopigwa baba aliinamisha kichwa kidogo upande wake akiuliza. Nilisogea karibu nikamsikia.

"Huyo aliyepiga ni nani? Yule wa kushoto?"

"Ndiyo, yuleyule," akasema muuza maandazi.

"Kapiga vizuri?"

Nilimwomba refa anisubiri. Nilikwenda mpaka kwenye uzio, nikaingiza vidole kwenye waya, nikamgusa mgongoni. Shati lilikuwa limelowa jasho.

"Geuka, Mzee," nikasema. "Nakuomba. Geuka unione."

Hakugeuka. "Mnaongoza?"

Ningeweza kudanganya. "Mbili bila."

"Basi niache hivihivi, mwanangu," akasema. "Nenda kacheze."

Nikarudi, nikacheza.