Linahama au Linahamishwa

...au linahamishwa, mwalimu? ndivyo alivyouliza, na mimi nimegeukia ubao, chaki mkononi, nimeshaandika BARA LINAHAMA kwa herufi kubwa, lo, neno hilo amelitoa wapi leo, siku mkaguzi amekuja kutoka wilayani kuamua kama nithibitishwe kazini au nirudi shambani kupalilia mihogo, ameketi kule nyuma, kalamu yake imesimama, haandiki, na aliyeuliza si mwingine, ni mama yangu mzazi, Hamisa, nyumbani ananiita mwanangu, hapa ananiita mwalimu mbele ya wazee wenzake wa kisomo cha watu wazima, na wote wanajua mwezi uliopita lori la Operesheni ya kukusanya watu vijijini lilimbeba yeye na vyungu vyake, paa la nyumba limeshang'olewa, kaburi la baba likabaki kule kwetu peke yake... tulia, rudi kwenye mfano wa uji, uji waliuelewa, chini moto, juu utando, uji ukichemka utando unapasuka, vipande vinasukumwa huku na huku, vitabu vinaviita mabamba, na dunia ndivyo ilivyo, ganda jembamba juu, chini yake mwamba wa moto unaojikokota polepole, ndani kabisa kiini cha chuma, mzee Mdoe akacheka, ala, kumbe tumekaa juu ya chungu! na ganda likiachana mawe yaliyoyeyuka yanapanda, yanaganda, yanakuwa sakafu mpya ya bahari, bahari inapanuka, kwa mwaka upana wa dole gumba tu, ndivyo Afrika na Amerika zilivyotengana, hata mkufunzi wetu Lukasi alisema elimu hii bado mbichi... "Mwalimu amelisikia swali?" huyo katibu wa kijiji, aliyekaa na mkaguzi, sauti tamu, naijua, ndiye aliyetukalisha walimu akasema andikeni wananchi wamehamia, wa-me-ha-mi-a, nisione mtu ameandika wamehamishwa, basi niseme linahama, mama, lenyewe, kwa hiari yake, nipate barua yangu ya kuthibitishwa, naye atafunga daftari, ataniamini, hilo ndilo linaloniua, ataniamini, mwanamke aliyeanza a-e-i-o-u uzeeni kwa sababu watu wa Operesheni walimletea karatasi akaiwekea dole gumba bila kujua imesema nini, imesema amehama kwa ridhaa yake, mimi ndiye niliyemsomea baadaye, akalitazama dole lake, bado lina wino, akasema nifundishe, mwanangu, nisidanganywe tena... na bara lina miguu gani, lilimwomba nani, moto uko chini unalisukuma, hiyo ni jiografia, si siasa, nitawaambia hivyo, jamani naogopa, mama kakohoa, anasubiri, nafuta A moja tu, ile ya mwisho, naandika I, S, H, W, A, na kule nyuma kalamu bado imesimama.