Mkate Namba Tatu

Kamati ya Mkutano wa Ukoo wa Pinkard, tawi la Alabama, inawatangazia wanaukoo wote kwamba mwaka huu mkate wa mahindi utaonjwa kwa namba, bila majina, na kwamba mwokaji atakayeshinda ndiye atakayeoka kuanzia sasa. Fulana za zambarau ni lazima.

Tangazo hilo nililiandika mimi, katibu, kwa maneno ya mwenyekiti, binamu yangu Jerline. Kila aliyelisoma alijua lilimlenga nani. Shangazi Vonceil, mwenye umri wa miaka themanini na minne, alikuwa ameuoka mkate huo kwa miaka arobaini na mmoja, na kwa muda huohuo alikuwa amemdhalilisha kila aliyethubutu kuoka wa kwake. Pai ya viazi vitamu ya Jerline aliwahi kupendekeza, mbele ya mchungaji, itumike kuziba mashimo ya barabarani. Watu walicheka hadi jioni. Jerline alicheka pia.

Tangu macho yake yafifie, Shangazi alihamishiwa nyumba ya wazee, akawa anatoka humo siku moja tu kwa mwaka. Kanuni zetu zinampa mwokaji wa mkate gari la kumleta mkutanoni na kumrudisha; shangazi hazimtaji. Asubuhi ya mkutano nilimkuta ameketi mlangoni, kofia kichwani, kikaango chake cha chuma mapajani kimefungwa taulo.

“Umechelewa, Otha.”

“Ni saa moja, Shangazi.”

“Mimi nipo hapa tangu saa kumi na moja. Wakinishinda leo, mwakani nani atanileta? Wewe?”

Nilimwambia hawezi kushindwa. Silo aliloniuliza, na sote wawili tulilijua hilo.

Jikoni kwa Jerline, kopo la unga wa mahindi lilikuwa mahali pake pa siku zote. Kilichokuwa ndani hakikuwa unga uliosagwa kinuni kwa mawe, bali ule wa dukani uliochanganywa tayari, wenye sukari nyingi, ambao Shangazi asingekubali hata kuugusa kwa fimbo. Maboksi matatu matupu ya unga huo niliyaona kwenye pipa la taka. Nilirudishia mfuniko.

Shangazi aliusugua unga kati ya vidole. “Mbona laini hivi? Kama poda ya mtoto.”

“Kinu kimebadilisha mawe, Shangazi,” alisema Jerline.

“Siku hizi hata kusaga kumewashinda.”

Akapasua mayai, akamimina mtindi, akayeyusha mafuta ya nguruwe kikaangoni mpaka yakafuka moshi. Rojo la unga lilipogusa chuma likapiga kelele. “Umesikia, Jerline? Chako hakijawahi kulia hivyo. Chako kinanung’unika kama mumeo.”

Adhuhuri watu sabini waliovaa zambarau walizunguka meza bustanini. Upande mmoja kulikuwa na pai, keki za siagi na pichi zilizookwa. Upande wa pili, vipande vya mkate kwenye sahani tatu zenye namba. Jerline alipendekeza mkubwa wetu aanze kuonja. Hakuna aliyepinga.

“Namba moja,” alisema Shangazi, “mkavu. Huyu aende akajenge nyumba.” Kicheko. “Namba mbili una huzuni, kama umeokwa na mjane.” Kicheko kikubwa zaidi.

Namba tatu aliutafuna kidogo, kisha akautemea kwenye kitambaa.

“Sukari! Nani katia sukari humu? Hii ni keki ya kumbembelezea mtoto aliyeng’olewa jino. Huyu mama yake hakumfundisha kitu. Asirudi hapa, abaki hukohuko kwao!”

“Una hakika, Shangazi?” aliuliza Jerline kwa upole. “Namba tatu asiletwe tena?”

“Asiletwe. Otha, andika.”

Niliandika.

Jerline akainua sahani juu, akasoma jina lililobandikwa chini yake. Wazee waliacha kucheka. Watoto waliendelea kucheka, kwa kuwa hawakuwa wameelezwa kwamba mzaha umekwisha.

Shangazi alikipapasa kile kipande, akakinusa, akakirudisha taratibu mahali alipodhani pana sahani. Kilianguka majanini.

“Ule unga,” alisema. “Otha, ulikuwepo. Uliliona kopo?” Uso wake ulikuwa umeelekea mti, hatua mbili kushoto kwangu.

“Niliona kopo, Shangazi. Lilikuwa mahali pake.”

Hilo lilikuwa kweli. Alinyoosha mkono apewe kikaango chake, na Jerline akampa, kikiwa kimeoshwa kwa sabuni iliyoondoa utando wa mafuta uliokomaa kwa miaka yote hiyo.

Kamati iliketi saa kumi, kila mjumbe na kipande chake cha pai. Shangazi alikuwa tayari garini, mkanda umefungwa, akisubiri nimrudishe. Kwa kuzingatia lalamiko lake, wajumbe waliamua kwa kauli moja kwamba kuanzia mwaka ujao kila kopo la jikoni libandikwe karatasi yenye jina la kilichomo, kwa herufi kubwa na nyeusi, ili waokaji wote wajisomee wenyewe.