Hisa za Bwawa la Mbirizi

Nchi ya Mbirizi usiitafute kwenye ramani. Ilikuwa tambarare pana ya nyasi ndefu, ikitawaliwa na Mfalme Nyati, ambaye hakuwa mkatili kwa tabia. Hakupenda tu kusumbuliwa. Chini yake palikuwa na Baraza, na katika Baraza aliyesikilizwa kuliko wote ni Mbweha, Waziri wa Hazina, mwenye sauti ya taratibu na kumbukumbu fupi.

Katika miaka ya neema Mfalme alikuwa amejenga Bwawa juu ya chemchemi ya katikati ya nchi, na ili gharama zirudi, Bwawa likagawanywa hisa. Kila hisa ilikuwa ganda la konokono lililopigwa muhuri wa kwato ya Mfalme. Mwenye ganda alikuwa na fungu lake la maji kiangazi kikifika, na akipenda aliweza kuliuza kwa mtama katika Uwanja wa Hisa, mbele ya ikulu. Ili wanunuzi wasidhulumiwe, aliteuliwa Mlinzi wa Soko, naye alikuwa Kakakuona. Siku ya kumwapisha, Mfalme aliyasifu magamba yake, akasema hakuna jino litakaloyapenya. Ilikuwa kweli. Ila magamba yale yalikuwa mgongoni mwa Kakakuona. Soko lenyewe lilibaki na ngozi tupu.

Wanyama wadogo hawakununua. Pimbi, buku, kwale na wenzao waliyatazama maganda yale kama mtu anavyotazama harusi ya matajiri, kisha wakarudi kupalilia. Mtama wao waliuficha mapangoni na mashimoni, kama walivyofanya wazee wao.

Jambo hilo lilimkera Mbweha.

"Mtukufu," alisema barazani, "nchi hii ina mtama mwingi uliolala. Wadogo wameukalia."

"Kwa nini hawanunui hisa?" Mfalme aliuliza.

"Woga, Mtukufu. Na woga ni mtoto wa ujinga. Tuwape elimu."

Neno elimu liliwapendeza wote. Likaandaliwa Juma la Mwekezaji Mdogo, na akatafutwa mwalimu ambaye wadogo wangemwamini. Hapakuwa na wa kushindana na Kanga. Yeye ndiye aliyewafundisha watoto wa nchi nzima kutofautisha uyoga wa kula na uyoga wa kuua, na hakuna mzazi aliyewahi kujuta kumkabidhi mtoto.

Kanga aliikubali kazi kwa moyo mweupe. Aliona haki ndani yake: kwa nini Bwawa la nchi liwe la wakubwa peke yao? Akasimama Uwanjani, akafafanua kwa lugha nyepesi hisa ni nini, bei hupandaje, gawio hutoka wapi. "Ukishika ganda hili," aliwaambia, "wewe si mwombaji wa maji tena. Ni mwenye Bwawa." Wadogo walitazamana. Hakuna aliyewahi kuwaita wenye kitu.

Somo la mwisho alilokuwa ametayarisha lilihusu hasara: usiweke akiba yote mahali pamoja, usiguse mbegu, na kabla ya kununua uliza ni nani anayeuza na kwa nini. Mbweha alilisikia, akamwita pembeni. Kakakuona naye alikuwapo.

"Mwalimu, somo hilo ni zuri," Mbweha alisema, "lakini wakati wake bado. Huwezi kumfundisha mtoto kutembea kwa kumhubiria habari za kuanguka."

"Anayenunua si mtoto, Mheshimiwa. Ni mama mwenye watoto, na anacholipa ni chakula chao."

Kanga alimgeukia Kakakuona. "Mlinzi, nawe unasemaje?"

Kakakuona alikohoa. "Tuanze na matumaini, Mwalimu. Tahadhari itafuata."

Tahadhari haikufuata. Kanga aliambiwa kila mara kwamba zamu ya somo hilo inakuja, naye akangoja. Wakati huohuo wadogo walinunua. Foleni zao zilianza kabla umande haujakauka, na bei ya ganda ikapanda hata waliochelewa wakaona wamerogwa.

Miongoni mwao alikuwa Pimbi, mjane aliyeishi miambani na watoto watatu. Kanga alimkuta Uwanjani akiburuta kifuko kidogo.

"Hiyo ni nini, dada?"

"Mbegu."

"Usifanye hivyo. Umeshanunua za kutosha. Mbegu irudishe nyumbani."

Pimbi alicheka, kicheko cha mtu ambaye kwa mara ya kwanza anaona mbele yake pamenyooka. "Mwalimu, si wewe uliyesema mimi ni mwenye Bwawa? Nikipata maji ya kutosha, mbegu nitanunua kwa yeyote." Akapita. Dalali akampimia maganda yake, na wala hakumuuliza atakula nini mvua zikichelewa.

Mvua zilichelewa kweli. Kiangazi kilipoanza kuuma, Kanga aliitwa ikulu kupewa nishani ya shukrani. Alifika mapema, akaketishwa kwenye kona ya ukumbi, na Baraza likaendelea na mazungumzo yake. Hawakumfukuza wala hawakushusha sauti. Kwao alikuwa kama jamvi.

"Nieleze tena habari ya chemchemi," Mfalme alisema.

"Mwamba wa chini umepasuka, Mtukufu," Mbweha alijibu. "Tangu masika yaliyopita. Maji yanayoonekana Bwawani ni ya juu tu, ya mvua za zamani. Yakiisha hayarudi."

"Na hisa zangu?"

"Ziliuzwa zote mapema, kwa bei nzuri. Za Baraza pia."

"Nani alizinunua?"

Mbweha alitabasamu kidogo. "Wadogo, Mtukufu. Walikuwa na hamu sana."

Hata Mfalme, nadhani, kuna kitu kilimgusa, kwa sababu aliuliza polepole: "Wakijua, si watasema tumewadanganya?"

"Hawataweza. Wameelimishwa. Asiyejua huwa tumemdanganya. Aliyefundishwa na bado akapoteza, huyo amekosea mwenyewe."

Kanga alisimama.

"Mtukufu, niliwafundisha bei. Sikuwafundisha kwamba anayewauzia anajua maji hayapo. Leo bado wananunua. Soko lifungwe, watangaziwe."

Ukumbi ulimtazama kwa mshangao, kama jamvi limenena. Kanga akamgeukia Kakakuona. "Mlinzi! Hii si kazi yako?"

Kakakuona alimtazama Mbweha, akamtazama Mfalme. Kisha akainamisha kichwa, akakunja mkia, akajiviringa. Pale alipokuwa Mlinzi wa Soko pakabaki mpira wa magamba usio na jicho wala sikio.

"Maneno ya barazani ni ya Baraza," Mbweha alimwambia Kanga kwa upole uliotisha. "Atakayeyatoa nje atakuwa amevuruga imani ya soko. Unaijua adhabu yake. Chukua nishani yako, Mwalimu, uende salama."

Kanga hakuichukua. Alikwenda moja kwa moja Uwanjani, jua likiwa bado juu, akapanda jiwe la madalali.

"Somo la leo ni hasara," alisema, "na nimelichelewesha. Chemchemi imekufa. Mfalme na Baraza wameuza hisa zao zote, nanyi ndio mliozinunua. Msinunue ganda jingine. Waliobaki na mtama, shikeni mtama wenu."

Mmoja akapiga kelele ya kuuza, na wote wakaanza kuuza, na mnunuzi hakuwapo. Wakakanyagana. Maganda yakamwagwa chini. Kufikia alasiri ganda lililokuwa likibadilishwa kwa gunia la mtama halikupata hata konzi. Askari walipomshusha Kanga jiweni, baadhi ya wadogo waliwasaidia. "Soko lilikuwa zima mpaka ulipofungua mdomo!" buku mmoja alimlilia usoni. "Tulikuwa na mali asubuhi!"

Hilo ndilo Mbweha alilolishika. Mbiu ikapigwa nchi nzima kwamba Bwawa lilikuwa salama, ila ulimi wa Kanga ndio ulioliua soko. Kesi ikasikilizwa hadharani, na shahidi aliyeitwa na serikali alikuwa Pimbi, kwa kuwa alipoteza kila kitu na alikuwa na sababu ya kumchukia mwalimu.

"Ni nani aliyekufundisha kununua?" Mbweha alimuuliza.

"Mwalimu Kanga."

"Ulinunua kwa hiari?"

"Kwa hiari."

"Basi unamdai nani?"

Mtoto wa mwisho wa Pimbi alikuwa mgongoni mwake, amelegea kwa njaa.

"Mwalimu alinikataza nisiuze mbegu, nikamkatalia. Hiyo ni juu yangu. Lakini yeye hakujua maji hayapo. Alipojua, alituambia kabla jua halijatua. Nyinyi mlijua tangu masika. Mheshimiwa, mlipokuwa mkinitazama nikiburuta kile kifuko, mlikuwa mkiwaza nini?"

Swali hilo halikuandikwa katika kumbukumbu za kesi. Kanga alikatwa mbawa, akafukuzwa nchini kwa miguu. Kakakuona aliongezewa muda wa kuhudumu. Na Baraza, katika tamko lake, lilisikitishwa na yaliyotokea, likaahidi kuongeza elimu.

Bwawa likakauka kabla kiangazi hakijafika katikati. Mtoto wa mwisho wa Pimbi hakuufikia mwisho wa kiangazi. Mama yake alimzika miambani kwa mikono yake, akawachukua wawili waliobaki, akavuka mpaka kwa njia aliyopita Kanga. Hakuaga mtu. Baada yake wakaondoka kwale, kisha buku, familia baada ya familia, bila ghasia wala kelele. Ikulu haikutambua, kwani wadogo hawakuwa na desturi ya kuonekana.

Mwisho wa kiangazi moto wa nyika ulionekana upande wa mashariki. Mara ya kwanza ulikuwa uzi mwembamba wa moshi. Nyasi za Mbirizi, ambazo kila mwaka wadogo walizila, wakazipalilia na kuzichimbachimba, safari hii zilisimama kavu hadi kifuani mwa Nyati. Baraza likaitishwa.

"Inatakiwa ikatwe njia ya kuzuia moto kuizunguka ikulu," mmoja alisema. "Kazi ya kuchimba ni ya wadogo."

"Waambieni kuna hisa mpya," Mfalme aliagiza. "Hisa za Njia ya Moto. Waambieni nchi ni yao."

Mbweha mwenyewe alitoka kwenda kupiga mbiu. Alisimama juu ya jiwe la madalali, akasafisha koo, akaanza kwa sauti yake ya taratibu kueleza faida. Alizungumza mpaka jasho likamtoka. Hakuna aliyetokea. Alishuka akapita mashimo, akainama kuita kwenye mlango wa kila moja, na ndani ya kila moja alijibiwa na vumbi. Miambani alikuta kaburi dogo lisilo na jina, akarudi mbio.

"Wako wapi?" Mfalme aliuliza.

"Hawapo, Mtukufu."

"Wote?"

"Wote."

Majivu ya kwanza yalikuwa yameanza kudondoka kwenye paa la ikulu, mepesi, kama unga. Mfalme Nyati alisogea dirishani, akasimama akitazama mashariki.

"Upepo unavuma kuelekea wapi?" aliuliza.

Katika ukumbi mzima wa Baraza hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumjibu.