Sauti za Kidato cha Kwanza

Saa moja na nusu asubuhi wanafunzi wa Kidato cha Kwanza walitoka bwenini, wakapita getini na kuacha sauti zao chini ya kibao kinachosema kwamba kuanzia hapo ni Kiingereza tu. Mlinzi, mzee Anatoli, alizisogeza kivulini. Jioni kila mmoja alichukua yake na kwenda bwenini. Hakuna aliyeulizia jambo hilo. Lilikuwepo tangu shule ifunguliwe.

Kila mtu pia alijua kwamba sauti inayokaa nje mchana kutwa, muhula mzima, huanza kukataa kurudi. Ya Speciosa wa Ntobeye ilikuwa imeanza. Jioni ilimfuata ikiwa nyuma hatua kumi.

Tecla, mwalimu mpya wa Baiolojia, aliliona hilo. Siku ya Alhamisi alileta mche wa maharage wenye udongo kwenye mizizi. Akaandika ubaoni sentensi tatu za Kiingereza ambazo hazijamaliziwa, akawaambia wakae wawili wawili.

"Dakika tatu," alisema. "Elezaneni maji yanapandaje. Kihangaza, Kiswahili, chochote. Kisha mtanimalizia sentensi zangu."

Kule getini sauti zilinyanyuka. Zilivuka uwanja taratibu na mbwa wa mlinzi akazipisha. Zikaingia dirishani moja moja. Kwizera alipopata yake, akageuka.

"Speciosa, yako imesimama kununua maandazi?"

Darasa likacheka. Speciosa naye alicheka, bila mlio. Sauti yake ilikuwa imefika kwenye kizingiti cha dirisha. Ilikuwa inasema, kwa Kihangaza, kuhusu mizizi, na ilikuwa inasema sawasawa.

Mkuu wa shule aliingia.

"Madamu, hiyo ni lugha gani?"

"Kihangaza, mkuu. Wakishaelewa wanahamia Kiingereza."

"Na mtihani utakuja na dakika tatu za Kihangaza?"

Mkuu akafunga madirisha, akianza na lile la Speciosa.

Jumamosi ya wazazi, Francisca, mama yake Speciosa, alifika na ndizi.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti getini.

"Marahaba. Mbona umekonda?"

"Sijui, mama. Mwili uko darasani."

Francisca aliomba kuondoka na binti yake. Aliambiwa mwanafunzi haruhusiwi kutoka kabla ya muhula kuisha. Kuhusu sauti hapakuwa na kanuni, kwa hiyo Anatoli alimsainisha kwenye daftari la wageni, naye Francisca akaondoka nayo. Nyumbani iliita mbuzi na kuongoza rozari ya jumuiya. Speciosa alipokwenda likizo, haikumtambua.

Tecla aliendelea na mizizi na sentensi zake, madirisha yakiwa yamefungwa. Kila alipomsimamisha Speciosa, msichana alifungua mdomo, akasubiri kidogo, akaketi.

Mwisho wa mwaka, mkuu wa shule alimwita Speciosa mbele ya shule nzima na kumpa madaftari sita kwa nidhamu bora: hajawahi kupiga kelele, hajawahi kuzungumza lugha iliyokatazwa. Wakapiga makofi. Speciosa akapiga goti, akayapokea kwa mikono miwili.

Saa ileile, Ntobeye, Francisca alikuwa akimenya ndizi uani aliposikia sauti ikisema asante, kwa heshima kabisa, jikoni kusiko na mtu.

"Unamshukuru nani?" aliuliza.

Sauti ikasema haijui.