Jumba la Sleyum Halikuwa Tupu

Tia dole, Bi Mwatima, sote tumeshatia, umebaki wewe tu, ananiambia Shaali wa chumba cha chini, na mimi namwambia dole langu si mhuri wa posta, wewe mwenyewe hiyo karatasi umeisoma au umesomewa? Anasema ameisoma. Haya, nisomee mstari wa tatu. Anajikohoza, mnafiki huyu, anasoma kwa sauti ndogo kama mtu anayeposa: kwamba jumba hili lilijengwa na tajiri Sleyum, kwamba alipoondoka lilibaki tupu, kwamba sisi tuliingia bila idhini tukaliharibu, na kwamba tunakubali kwa hiari yetu kulihama ili lihifadhiwe, watu waje kulitazama. Tupu! Bibi yangu mzaa mama alikuwa mfuaji wa huyo Sleyum, na siku tajiri alipoondoka na masanduku yake bibi alibaki uani na nguo za watu kwenye kamba, mbichi, zinachuruzika. Mama kazaliwa humu, mimi nimezaliwa humu, leo tumo nyumba tisa ndani ya nyumba moja, halafu tupu? Mkasi wa ghorofa ya kati anachungulia dirishani na mwiko mkononi, anasema jamani mtaa mzima unasikia, na mimi namwambia na usikie, kwani tumeiba? Shaali anasema bibi wee, afisa wa urithi anakuja mchana huu huu, usipotia dole tutakosa hata hizo fleti tulizoahidiwa. Fleti! Huko ambako ukitaka kugombana na jirani lazima umpigie simu kwanza. Namwambia niondokee machoni. Anaiweka karatasi barazani pembeni yangu, anaikandamiza kwa kikopo cha wino isipeperuke, anakwenda zake akinung'unika. Nabaki na jua la saa saba. Hasira zimenipanda mpaka masikio yanavuma, nasema nifumbe macho kidogo tu zishuke, naegemeza kisogo kwenye mlango wa nakshi, na mlango huu ambao siku zote hulia kama ndama unafunguka kimya, naangukia ndani.

Ndani ni nyumba yetu na siyo. Ukumbi umekuwa barabara, na barabara haina mwisho, na kila nikienda hatua kumi nalikuta jumba hili hili tena, linatazamana na jenzake kama mtu na kioo, dirisha kwa dirisha, ufa kwa ufa, na kwenye kila baraza nimekaa mimi, nimelala mdomo wazi kama samaki wa sokoni. Nawapita akina mimi wote hao nikiwasonya. Nakwenda, nafika nilikotoka, nakwenda tena. Mbele yangu anatokea mtu kabeba karai la chokaa kichwani. Hana uso. Pale pa uso pamesawazishwa lipu, laini, kama ukuta uliopigwa jana. Hakuna aliyeniambia kuwa ndiye kiongozi wangu, lakini najua, kama unavyojua mambo usingizini. Namwuliza, we bwana, mwenye nyumba yuko wapi? Anasema, kitendawili. Na mimi mtoto wa uani, kinywa kinajibu chenyewe: tega. Nimekata mti wangu kwenye mikoko, ndio ulioamua tajiri alale chumba cha upana gani. Hicho chepesi, namwambia, boriti! Boriti ya mkoko ina kipimo chake, haivutiki, ndiyo maana vyumba vyetu vyote virefu na vyembamba, Sleyum na dhahabu zake zote alijigonga kiwiko ukutani kama ninavyojigonga mimi. Kiongozi anainamisha kichwa na kuta zinasogea, na ngazi inashuka kwenda juu, tunaifuata. Chini naona ghala, magunia ya karafuu, na watu wamelala baina ya magunia. Katikati naona wanaume wanakunywa kahawa na kusema uongo. Juu naona wanawake wa Sleyum wanavuka kwa wikio, lile daraja la kuunganisha nyumba mbili juu ya kichochoro, wanakwenda kwa jirani kusengenyana bila macho ya njia kuwaona, na moyo unaniambia loo, hata hao wenzangu. Kisha nageuka na ghorofa zile zile zimejaa sisi: mapazia tisa, majiko tisa, cherehani ya mama, mtoto wa Mkasi anaogeshwa kwenye beseni, redio mbili zinashindana. Nafurahi mpaka nataka kupiga kigelegele.

Kitendawili, anasema tena. Tega! Nimejenga ghorofa tatu, sijapanda ngazi yake. Nasema Sleyum. Siyo. Nasema fundi wa nakshi. Siyo, huyo alipanda, akanywa na sharubati. Nasema basi sijui. Anasema, nipe mji. Na hapa ndipo nilipofanya upumbavu, kwa sababu kwetu uani mtu akishindwa kitendawili hutoa mji, ndiyo ada, unamtupia mwenzio mji wowote, anajigamba nao kidogo kisha anakupa jibu, na mji haupungui hata jiwe. Sikufikiri. Nasema, chukua huu hapa. Papo hapo pazia la Mkasi linaanguka na nyuma yake hakuna mtu, hakuna beseni, hata harufu ya kitunguu hakuna. Linaanguka la Shaali. Linaanguka la mama. Kiongozi hajigambi wala hanipi jibu. Anachovya kidole kwenye chokaa anaandika ukutani: tupu. Mlango wa pili: tupu. Namkimbilia, nampigia kelele, we mwana kukosa haya, mimi nilikuwa nacheza! Anasema, na mimi niliambiwa beba jiwe moja tu, sikurudi kwetu tena.

Hapo hasira zinanitoka kwa vidole. Naurukia ule uso, naukwangua kwa kucha. Lipu inabanduka, chini yake lipu nyingine, na chini yake nyingine, na kila tabaka limejaa alama za vidole, mamia, vikubwa na vidogo, vya waliochoma chokaa, waliovunja mawe ya matumbawe, waliobeba boriti begani kutoka pwani, walionunuliwa na kuuzwa na wakalala nje ya walichokijenga. Nasema, ni nyinyi. Nyinyi ndio hamkupanda. Anasema, majina yetu? Mimi Mwatima, ninayejua nani kamwacha nani tangu mji huu haujapata umeme, sina hata jina moja la kumpa. Nalia kwa ghadhabu. Kisha nasema, nakupa ninayoyajua, na naanza: Bi Tatu mfuaji, bibi yangu, aliyebaki na nguo mbichi. Machano aliyemuiba kuku wa Pili, akamuoa Pili kwa aibu. Bi Kazija aliyezaa ngazini kwa kuwa mkunga alikuwa mnene hapiti. Kila nikitaja, pazia linarudi mahali pake na mtu nyuma yake anapiga chafya. Nataja mpaka sauti inakauka. Vyumba vinajaa. Kiongozi yuko pale pale, na uso wake bado haupo. Anasema, na sisi? Namwambia, kwa nyinyi nitasema walikuwapo na hatujui majina, na nitalisema hilo mwanzo, kabla ya Sleyum. Anasema, utasemea wapi? Nataka kumjibu, na mtu ananishika bega.

Nimekaa barazani. Jua lile lile. Karatasi iko chini ya kikopo, na mimi naichukua naichana mara mbili, mara nne, mara nane, na Shaali aliyenishika bega anapiga ukelele umetuua, bibi wee, umetuua sote, na huyo afisa mwenyewe ndiye huyu! Kweli, kuna mtu amesimama mbele yangu, jua liko nyuma yake, uso siuoni. Sijui kama nimeamka au nimehamia baraza jingine la ile barabara. Anauliza kwa adabu, shikamoo bibi, nyumba hii ina watu wangapi? Namwambia, marahaba, toa karatasi safi, hii nimeichana na nyingine ya namna hii nitaichana, na dole langu hulipati mpaka uandike ninavyokutajia mimi. Wa kwanza hawana majina, waandike hivyo hivyo. Wa mwisho ni huyu Shaali, muoga, lakini wetu. Anasema, ni habari ndefu hiyo, bibi, nami tangu asubuhi niko njiani. Juu Mkasi anaita, Bi Mwatima, wali umeiva, utapoa! Namtazama huyu mtu pale pa uso nisiouona. Simpendi, na nikimaliza kusema huenda yeye pia asinipende. Lakini watu nyumba tisa hawali mgeni kasimama mlangoni. Vua viatu, mwanangu, namwambia, pita ndani, ngazi ni hiyo, shika ukuta. Leo ni wali na mchuzi wa papa. Njoo ule.