Dakika Ishirini za Pagume

Katika mwezi wa Pagume, wa kumi na tatu na wa mwisho katika kalenda ya Ethiopia, ambao una siku tano tu na hauna mshahara wake, Etsegenet aliamua kuipunguza nyumba yake vitu. Alijitengea dakika ishirini kila asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, kisha alikimbilia basi la benki. Jioni usiitaje, maana akitoka benki alikuwa anafundisha hesabu chuoni. Ratiba aliibandika kwenye friji: siku ya kwanza nguo, ya pili vyombo, ya tatu vitu vya mama, ya nne makaratasi, ya tano kupiga deki. Alitaka mwaka mpya umkute katika nyumba ambayo mtu anapita bila kujikunja.

Siku ya tatu ndiyo iliyokuwa na kazi. Mama yake, Yeshimebet, alikuwa amehamia hapo ghorofa ya tatu miaka miwili nyuma, baada ya ua alioishi miaka arobaini na mmoja kubomolewa ili barabara ipite. Majirani wa ua ule walitupwa pembeni mwa mji, kila mmoja upande wake, na wengine walihitaji mabasi matatu ili kuonana. Mama alikuja na sanduku, vikombe vyake vya kahawa, na mlango wa nyumba yake. Ulikuwa mlango wa bati zito, wenye rangi ya buluu, na aliuegemeza kwenye ukuta wa korido, juu ya viatu vya watu.

Nyuma ya mlango huo kulikuwa na ua. Ukiuchungulia kutoka ubavuni uliona ukuta tu, lakini ukiufungua ulikuta bomba la maji, kamba ya nguo, na majirani wote wamekaa kwenye vigoda vyao. Mzee Ayalneh alikuwa amefariki mwaka jana huko alikohamishiwa, ila uani alikuwa bado anakaanga shayiri. Kila siku saa nne, nyumba ikishakuwa tupu, mama alijitanda shuka lake jeupe, akaufungua mlango na kwenda kunywa kahawa na wenzake. Saa kumi alasiri alirudi.

Etsegenet aliyajua yote hayo. Malalamiko yake yalikuwa matope, kwa sababu uani mvua ilinyesha hata pale mjini kulipokuwa kukavu, na mama alirudi na viatu vyenye udongo hadi kwenye zulia. Tena sukari ya nyumba ilikuwa inaisha upesi, maana ilikuwa inanywewa na watu kumi na wanne. Mama alimwalika mara nyingi aingie hata kwa kikombe kimoja, wanamuulizia, na yeye alijibu kwamba ataingia Jumapili.

"Jumapili yako haina tarehe, mwanangu," mama alikuwa akisema, na kuingia peke yake.

Jioni ya siku ya pili Etsegenet alimweleza kwamba mlango utoke, korido haipitiki. Mama hakugombana. Alisema, "Toa kitanda changu kwanza. Kulala chini najua."

Etsegenet akapanga kuutoa asubuhi, mama akiwa bado amelala, ili mambo yaishe bila maneno. Aliona aibu kulipanga hilo, na alilipanga hivyohivyo.

Asubuhi ya siku ya tatu, sikukuu ya Malaika Rufaeli, mvua ilikuwa inanyesha. Chumba cha mama kilikuwa kimefungwa, na Etsegenet alipita mbele yake kwa kunyata. Mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye huzunguka mtaa ule akipiga kelele za "bati, chupa, viatu", alipanda ngazi akiwa na mabeseni ya plastiki ya kubadilishana. Aliupima mlango kwa kuugonga, kisha akauwekea sikio.

"Dada, humu mna watu."

"Huwa wanaongea."

"Leo wanacheka. Wamekuwa wengi."

"Kaka, nina dakika kumi na moja."

Mnunuzi alilalamika tu kwamba ni mzito kuliko bati lake, akamwita mlinzi amsaidie. Waliuteremsha ukidondosha maji kila ngazi. Etsegenet alibaki na mabeseni mawili, akafuta korido, akawahi basi. Njiani alijihisi mwepesi.

Chuo kilikuwa kimefungwa kwa ajili ya sikukuu, kwa hiyo alirudi mapema. Alimletea mama ndizi. Kitanda cha mama kilikuwa kimetandikwa, na shuka jeupe halikuwepo msumarini. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba siku ya Rufaeli wanawake wa uani huamka kabla ya mapambazuko ili wanyeshewe na mvua ya siku hiyo, inayosemwa imebarikiwa; mama alikuwa ameshaingia mlangoni. Yeye mwenyewe alisimamishwa chini yake kila mwaka hadi alipofika miaka kumi, mama akimsugua mgongo. Alikuwa amesahau, na kusahau huko kulimchoma kuliko kosa lenyewe. Alikaa sakafuni, akaugonga ukuta mtupu kwa kiganja. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini nani amewahi kuyaacha bila kujaribu?

Kesho yake aliomba ruhusa ya saa mbili. Alimpata mnunuzi wa chuma kwenye njia yake ya kila siku, naye akampeleka sokoni Merkato kwa mafundi wa majiko. Fundi aliukumbuka mlango vizuri. Bati lilikuwa la zamani, gumu, lilitoa majiko tisa ya mkaa. Aliyakata jana hiyohiyo na yakagombaniwa, maana kwa mwaka mpya kila mtu anataka jiko la kahawa. Lilibaki moja.

"Ulipokuwa unakata, wale watu walifanya nini?" Etsegenet aliuliza.

"Walisogea," fundi alisema. "Ni watu waungwana."

Jiko lililobaki lilikuwa na rangi ya buluu kwa ndani. Etsegenet alipiga magoti kwenye vumbi la chuma, akaweka mdomo karibu na mahali pa kupulizia moto.

"Mama?"

"Mimi Askale," ilisema sauti. "Wewe si Etse wa Yeshimebet? Nimekubeba mgongoni wewe, sauti yako naijua."

Askale alimweleza kwamba ua umegawanyika. Yeye amebaki na bomba na nusu ya kamba ya nguo. Mzee Ayalneh amechukuliwa na askari mmoja pamoja na shayiri yake, wengine hajui wamefika mitaa gani. Alisema safari hii haikuwa mbaya kama ile ya kwanza, kwa sababu hawakuwa na mizigo.

"Na mama yangu?"

"Alikuwa wa kwanza kutoka. Alikuja mwanamke mmoja, akayaangalia majiko yote, akakaa chini kabisa hapo ulipo. Akamsalimia mama yako, akamuuliza habari za miguu. Mama yako akatuaga. Akasema huyu hana haraka, acha niende naye."

Fundi hakumjua mwanamke huyo. Etsegenet alimuuliza mara nne, kisha akanunua lile jiko, akalibeba kifuani kama mtoto mgonjwa.

Ndani ya basi Askale alitaka kujua nyumba ikoje. Etsegenet alimwambia ni safi, ina mwanga, na sasa korido inapitika. Askale akasema vizuri, akauliza mchana nyumbani huwa kuna nani.

Etsegenet alisema hakuna mtu.