Masharubu ya Masizi

Bibi Nasriya alikuwa na mchezo wake wa kuigiza, akiucheza na wanawake wenzake huko Unguja kila ukoo ulipokuwa na shughuli. Haukuandikwa popote, wote ulikuwa kichwani mwake. Binti yake Masouda ndiye aliyecheza msichana aliyepotea sokoni. Baba humwita mara tatu, na ya tatu msichana huitika. Asipoitika, mchezo hauna mwisho.

Walipohamia Maskati mwaka 1970, Masouda akaposwa na Waarabu wa mtaani, na Bibi Nasriya akashikilia kwamba wakwe watachezewa mchezo siku watakapokuja kula. Masouda alitamani ardhi immeze. Majirani walikwisha kumcheka Kiarabu chake, na yeye, kwa kuona haya, alikuwa amemwongopea mama mkwe mtarajiwa, Bibi Shaikha. Alipoulizwa kwao husema lugha gani, alijibu kwa Kiarabu, bila hata kupepesa macho, "Kiarabu tu, khala," yaani mama mdogo.

Siku ikafika. Baada ya alasiri, Bibi Nasriya akatokea katikati ya chumba, amevaa kanzu na kofia ya marehemu mumewe, masharubu kayachora kwa masizi ya sufuria. Mzee mzima, jamani, na alipendeza!

"Mwanangu! Uko wapi?"

Masouda alikuwa kakaa na wageni, macho kwenye zulia.

"Mwanangu! Uko wapi?"

Masouda akamwinamia Bibi Shaikha, akamnong'oneza kwa Kiarabu, "Sijui anasema nini huyu."

"Mwanangu..." Sauti ya Bibi Nasriya ilitetemeka, na haikuwa kuigiza. "Uko wapi?"

Bibi Shaikha akaweka kikombe chake cha kahawa chini, akaitika yeye kwa Kiswahili:

"Nipo hapa, baba! Nnakuja!"

Vigelegele vikapasua chumba. Masouda alihisi uso unamuwaka moto.

"Mimi mzaliwa wa Wete, Pemba," Bibi Shaikha alimwambia polepole, Bibi Nasriya akisikia. "Nimeletwa huku kuolewa, mtoto wa miaka kumi na tano. Siku ile uliponambia kwenu hamsemi Kiswahili, moyo ulinivunjika. Nlidhani nimepata wa kuzungumza naye."

Wageni walipoondoka, Masouda alimkuta mama yake uani, kainamia ndoo. Akachukua kitambaa.

"Mama, nikufute masharubu?"

"Wacha," alisema Bibi Nasriya, kwa Kiarabu. "N'tajifuta mwenyewe," akamalizia kwa Kiswahili, kwani Kiarabu chake kiliishia hapo.